Sauti ya Katikati

Sauti ya mkewe ilikuwa imesogea.

Haikuwa imesogea sana. Mtu mwingine asingegundua, na hata Fundi angeipuuza kama kusikiliza kusingekuwa ndiyo kazi inayomlisha. Jana aliiacha sauti hiyo katikati kabisa ya spika mbili mpya, nyuma kidogo ya kioo cha kompyuta, pale hasa inapotakiwa kusimama. Leo, alipobonyeza kitufe na kuegemea kiti, aliikuta mbele ya kioo, karibu na kibodi, kama mtu aliyepiga hatua moja wakati hutazami.

“Spika nazo hizi,” akasema kwa kuchoka, akainuka kuzisogeza.

Kwa asiyeijua kazi hii, jambo lenyewe ni rahisi. Ukiweka spika mbili mbele yako, moja kushoto na moja kulia, ukakaa kwa namna ambayo kichwa chako kiko mbali na kila spika sawasawa, kisha zote mbili zikatoa sauti ileile kwa nguvu ileile, hutaisikia kushoto wala kulia. Utaisikia katikati, mahali pasipo na kitu. Masikio mawili yanakubaliana uongo mmoja na akili inauamini. Mafundi wote wa muziki wanaishi kwa uongo huo. Mwimbaji wao humsimamisha hapohapo, kwenye hewa tupu, na spika nzuri ni ile inayomsimamisha bila kuyumba.

Fundi alikuwa akitengeneza muziki katika chumba kilichokusudiwa kuwa cha wageni. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwa hedifoni, mpaka masikio yakawa yanawasha jioni na kichwa kinalia kama friji bovu. Hata hivyo hakuwa na mpango wa kubadilisha chochote. Kilichomsukuma ni kwaya. Alikuwa amewarekodia nyimbo za sherehe yao kubwa, na kiongozi wa kwaya, mtu mpole hata pale anapokukaanga, alikuwa amezirudisha mara ya pili.

“Fundi, ni nzuri,” alimwambia kwenye simu. “Ni nzuri kabisa. Ila kwenye gari, yule mama anayeongoza wimbo anasikika kama yuko bafuni na amefunga mlango.”

Akirudishiwa mara ya tatu, kazi ingeenda kwa mtu mwingine. Ndipo Fundi alipokwenda kwa rafiki yake muuza vyombo, aliyeitwa Besi kwa sababu ya sauti yake na tumbo lake, akamwomba spika za studio za kujaribu nyumbani kabla ya kuamua.

“Nitakupa mbilimbili,” Besi alisema. “Chukua hizi, ukichoka nazo lete, uchukue nyingine. Lakini nisikilize. Usizipime kwa muziki, muziki utakudanganya. Pima kwa sauti ya mtu. Sauti unayoijua kuliko zote, kavu, isiyo na mwangwi wala mapambo. Iache ijirudie, uzisogeze spika mpaka sauti isimame katikati. Hapo ndipo utaijua spika.”

Sauti anayoijua kuliko zote ilikuwa sebuleni ikisahihisha madaftari. Mkewe alifundisha darasa la kwanza, darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na kila jioni alirudi nyumbani akiwa kama nguo iliyokamuliwa. Wote wawili walikuwa wamechoka siku hizo, uchovu wa ile namna ambayo mtu hulala nao na kuamka nao. Fundi alimwita Mwalimu, hata wakiwa peke yao.

“Mwalimu, njoo mara moja useme kitu kwenye maiki.”

Akaja, kalamu nyekundu ikiwa imechomekwa kwenye nywele. “Niseme nini?”

“Chochote. Kama unavyosema kila siku.”

Na kwa kuwa alikuwa amechoka, mdomo wake ukatoa kile unachokitoa mchana kutwa, maneno anayomwambia mtoto mwenye haya aliyejibanza nyuma ya darasa. “Njoo mbele,” alisema kwa upole. “Usiogope. Kaa hapa. Haya, sema, tukusikie.”

Wakacheka. Mwalimu akarudi kwenye madaftari yake, Fundi akayaweka maneno yale yajirudie bila kukoma, akaanza kusogeza spika.

Zile za kwanza zilikuwa nyeusi, zinang'aa, na kila kilichopita ndani yake kilitoka kimevishwa nguo nzuri. Fundi alizipenda kwa masikio na kuzishuku kwa akili. Zaidi ya hapo kulikuwa na jambo hilo la sauti kusogea. Akizipanga asubuhi, jioni sauti ilikuwa imekuja mbele kidogo. Akapima kwa futi kamba, akakaza stendi, akabadilisha ya kushoto kuwa ya kulia. Sauti ikarudi nyuma siku moja, halafu ikaja tena. Aliyaacha maneno yajirudie wakati anapika, wakati anaoga, wakati ametoka kununua vocha, maana spika mpya zinatakiwa zichezwe sana ndipo zilainike. Njoo mbele. Usiogope. Kaa hapa. Haya, sema, tukusikie.

Mwalimu akaanza kukwaruza koo wakati wa chakula.

“Chaki hizo,” Fundi alimwambia.

“Chaki na watoto,” alijibu. “Leo nimepiga kelele mpaka nimeona nyota.”

Fundi alizirudisha zile nyeusi. Besi alizipokea huku akimtazama kwa huruma ambayo muuzaji humpa mteja asiyejua anachotaka.

“Fundi, spika hazitembei.”

“Sijasema spika. Sauti ndiyo inayotembea.”

“Basi ni chumba chako. Kuta zinakurudishia sauti. Weka godoro.”

Akampa nyingine, kubwa, zenye besi ya kutikisa meno. Fundi akalitoa godoro la wageni, akaliegemeza ukutani nyuma ya meza. Mwalimu alisimama mlangoni akitazama.

“Na wageni wakija watalala wapi?” Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, ikikatika mwishoni mwa maneno.

“Wageni gani, Mwalimu? Ni lini tumepata mgeni humu?”

Godoro halikusaidia. Siku zilivyokwenda, sauti ilivuka kibodi, ikavuka ukingo wa meza, ikawa inasemea hewani mbele ya kifua chake, mahali ambapo hakuna spika duniani inayoweza kumsimamisha mtu. Na ilikuwa na harufu. Fundi alikataa kuamini hilo kwanza, akakagua plagi akidhani waya unaungua, akanusa godoro, akanusa zulia. Haikuwa harufu ya kitu kuungua. Ilikuwa ile harufu ya mdomo wa mtu aliyeshinda kutwa bila kula wala kusema, na ilikuja kila mara neno la kwanza lilipotamkwa, ikaondoka lilipotamkwa la mwisho.

Siku moja alasiri alitoka kwenda kuchemsha maji, akayaacha maneno yakijirudia. Aliporudi na kikombe chake akaketi, akaruka kama aliyekalia pasi. Kiti kilikuwa na joto. Sponji ilikuwa imebonyea, ikainuka polepole chini ya macho yake, kama inavyoinuka mtu anapokupisha.

Mtu mwenye akili timamu angeizima ile rekodi hapo hapo na kwenda kukaa nje na watu. Lakini Fundi alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akiona kosa hulitafuta kwenye vifaa. Alijiambia kwamba amechoka, ambalo lilikuwa kweli, na kwamba spika zile zinasema uongo, ambalo halikuwa kweli. Kesho yake akazirudisha.

“Nataka zisizopamba,” akamwambia Besi. “Zinazosema kilichopo, basi.”

Besi akaingia stoo, akatoka na spika mbili za kijivu, zimechubuka pembe, mbaya kama viatu vya mlinzi. “Hizi ninazo siku nyingi. Wateja wananirudishia. Wanasema zinawakatisha tamaa, kwamba ukiweka wimbo wako unasikia kila uchafu ulioufanya. Hazifichi kitu.”

“Ndizo hizo.”

Mwalimu alikuwa tayari amekwenda zahanati. Daktari alimulika koo, hakuona uvimbe wala kidonda, akamwambia apumzike asiseme. Mwalimu alicheka kwa pumzi tu. Mwalimu wa darasa la kwanza asiyesema atafundisha nini? Mkuu wa shule alikuwa amekwisha kumwambia, kwa lugha ya kistaarabu, kwamba kama hali itaendelea hivyo itabidi waajiri mwingine. Sauti ile ndiyo ilikuwa kazi yake, ndiyo iliyowafanya watoto waliokuwa wakilia getini waache kulia. Na ndiyo Fundi aliyoipenda kwanza, kabla hata hajamwona uso, siku alipomsikia akisoma tangazo kwenye mkutano wa wazazi alikokwenda kufunga vipaza sauti.

Basi Fundi akazifunga spika za kijivu alasiri hiyo, dirisha likiwa wazi, watoto wa jirani wakicheza mpira nje na mama mmoja akianua nguo. Akabonyeza kitufe.

Besi hakuwa amedanganya. Fundi alisikia kalamu nyekundu ikigusa nywele za Mwalimu, akasikia ulimi wake ukiachana na meno, akasikia sebule nyuma yake na saa ya ukutani. Hakuwahi kusikia kitu kilichokuwa wazi hivyo. Machozi yakamlenga. Halafu, chini ya pumzi ya Mwalimu, akasikia pumzi nyingine.

Ilikuwa ikivutwa kila Mwalimu alipomaliza kusema. Ilisubiri maneno yaishe, ikavuta hewa kwa shida, kama mtu anayejifunza kuvuta, na kila maneno yalipojirudia ikajaribu kuyafuata, mwanzoni kwa mkwaruzo, halafu kwa mlio, halafu kwa kitu kilichofanana na sauti, mpaka Fundi akaanza kuhisi nywele za shingoni zikisimama moja moja, akanyoosha mkono akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akaona kwa macho yake mstari kwenye kioo cha kompyuta ukisimama tuli, akasikia watoto wa nje wakishangilia goli, akamsikia yule mama akiwakemea, na juu ya hayo yote, mbele ya uso wake, karibu kiasi cha kubusiwa, ile harufu ya mdomo mkavu ikamfunika, na sauti ya mkewe, nzima, tamu, ile ya zamani isiyo na mkwaruzo, ikasema neno ambalo haikurekodiwa ikilisema.

“Nimekaa.”

Fundi hakumbuki alivyoinuka. Anakumbuka kwamba alichomoa kila plagi ukutani, hata ya feni, akatoka hadi ukumbini akaegemea ukuta. Hapo mlango wa mbele ukafunguka. Mwalimu aliingia na mfuko wa madaftari begani, uso umemshuka. Akamwona mumewe, akafungua mdomo kumsalimia. Hakukutoka chochote mdomoni mwake, hata pumzi. Lakini kutoka chumba cha wageni, ambako hakukuwa na umeme, sauti yake ikasema kwa uwazi, “Fundi, nimerudi.”

Mwalimu akauangusha mfuko. Wakatazamana. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kama amesikia.

Besi aliposimuliwa hakucheka, na Fundi, aliyetegemea kuchekwa, aliogopa zaidi kwa sababu hiyo. Besi akafunga duka mchana kweupe.

“Yupo shangazi yangu,” alisema kwa ile sauti yake nzito, akiishusha. “Huwa anaitwa kwenye mambo haya. Hapendi watu wajue. Nitamleta.”

Waliotegemea kuona chetezo na vitambaa wangesikitika. Shangazi alikuja na mkoba na kitambaa cha kufutia jasho, mwanamke mnene aliyechoka kupanda ngazi, akaomba maji kwanza. Fundi akamwamkia, hakujibu. Besi akamgeuza Fundi kwa mabega, akamsogeza upande mwingine.

“Upande huo hasikii. Homa ya utotoni ililifunga sikio la kushoto.”

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Ni yupi aliyeita?”

Wakamweleza. Mwalimu aliandika kwa kidole hewani maneno aliyoyasema, Fundi akayatamka kwa niaba yake, na kadiri alivyoyatamka ndivyo alivyosikia aibu. Shangazi alisikiliza akifuta shingo.

“Mlimwita aje mbele, akaja,” akasema. “Mkamwambia asiogope, hakuogopa. Mkamwambia akae, mkampa na kiti. Halafu mkamwambia aseme awasikie. Mmemwambia mara ngapi?”

Fundi akaanza kuhesabu siku, akaacha.

“Yeye hana sauti, mwanangu. Wao hawana. Ulitaka aseme kwa sauti gani? Amechukua ile aliyoitwa nayo.”

“Sasa tufanyeje, Shangazi?”

“Twende nimwone.”

Aliingia chumbani akakaa kwenye kile kiti pwaa, bila hata kukipangusa. Fundi na Mwalimu walibaki mlangoni wakishikana mikono, kwa sababu wao walikuwa wakiisikia. Ilikuwa ikiongea mfululizo, pale pale alipoketi yule mwanamke, ikiita majina ya watoto wa darasa la kwanza mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kuita mahudhurio. Shangazi alikuwa akitafuta miwani mkobani.

“Humsikii?” Fundi alinong'ona.

“Simsikii. Huyu anakaa kati ya masikio mawili, hana kwingine kwa kukaa. Mimi ninalo moja. Ndiyo maana mimi naweza kumkalia na wengine hawawezi.” Akavaa miwani. “Sasa sikilizeni. Huyu si mwizi, ni mgeni aliyeitwa. Mgeni aliyeitwa hafukuzwi na jirani, anaagwa na mwenyeji. Mwalimu atasimama pale mbele yangu, amwambie: acha sauti yangu, nenda. Kwa mdomo wake mtupu. Hata ikiwa pumzi tu, iwe imetoka mdomoni mwake. Wewe zima kila kitu, kaa pembeni, usiguse chochote. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

Besi akaenda kusubiri kwenye gari; alisema ana shinikizo la damu. Fundi akajibanza kwenye pembe ya meza, kushoto kwa Shangazi. Mwalimu akasimama kati ya spika mbili, mgongo kwenye godoro, akatazama kiti. Shangazi akafumba macho.

Mwalimu akajaribu. Fundi aliona shingo yake ikikaza na mishipa ikisimama. Ikatoka hewa kidogo isiyo na umbo la neno. Akajaribu tena, na ile sauti ya kwenye kiti ikapanda juu yake, ikimfunika kwa majina ya watoto, haraka haraka, kwa furaha, kama mtu anayekuongelea juu makusudi usisikike. Mwalimu akajaribu tena. Jasho lilikuwa likimtoka, kidevu kikimtetemeka. Alimtazama mumewe kwa macho ya mtu anayezama mbele ya watu.

Na Fundi, maisha yake yote, kazi yake ilikuwa moja. Mwimbaji dhaifu akifunikwa na vyombo, unampandisha. Humwachi azame. Mikono yake ilijua hilo kabla kichwa hakijafikiri, nayo ilikwenda yenyewe nyuma ya meza, ikarudisha plagi, ikawasha swichi. Ile swichi ililia tiki, kushoto kwa Shangazi, kwenye lile sikio lililofungwa. Maiki ilikuwa bado imesimama pale pale iliporekodiwa sauti ya kwanza, karibu na bega la Mwalimu. Fundi akaifungua, akapandisha.

Mwalimu akanong'ona mara moja zaidi. Ile pumzi ikaingia kwenye maiki, ikapita kwenye nyaya, ikatoka kwenye spika ya kushoto na ya kulia kwa nguvu sawasawa, ikakutana katikati. Na hapo katikati ikawa sauti kamili, ya mwanamke mzima mwenye afya, ikasema kwa uthabiti:

“Acha sauti yangu. Nenda.”

Kiti kikalia. Harufu ikakatika kama dirisha limefunguliwa. Majina ya watoto yakanyamaza, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba Fundi aliweza kuisikia damu yake. Mwalimu akakunjika magoti, mumewe akamdaka. Kwa mkono wake wa pili alizima swichi.

Shangazi akafumbua macho, akajipapasa mapaja. “Uzito umetoka kitini,” alisema. “Amesema kwa mdomo wake?”

“Amesema,” Fundi akajibu, na kwa kiasi fulani alikuwa anasema kweli.

Mwalimu alilala tangu jioni hiyo bila hata kula, na Fundi alikaa kitandani pembeni yake akimtazama koo. Asubuhi aliamshwa na jina lake.

“Fundi. Amka, maji yamechemka.”

Ilikuwa sauti yake. Nzima, bila mkwaruzo, ya wazi kama asubuhi yenyewe. Fundi alilia kama mtoto, na Mwalimu alimcheka, na yeye akalia zaidi kwa kukisikia kicheko. Alikwenda shule akiimba. Mkuu wa shule alimpa pole na hongera. Watoto, alisimulia jioni, walimsikiliza siku hiyo kuliko siku zote. Hakulazimika kupaza sauti hata kidogo, kila mmoja alimsikia kama amesimama mbele yake.

Spika za kijivu zilirudi stoo kwa Besi. Fundi alichukua zile nyeusi za kwanza, zinazovisha kila kitu nguo nzuri, akazilipia bila kupatana bei.

“Ulisema unataka zinazosema ukweli,” Besi akamtania.

“Nimechoka, bwana. Ukweli una kazi nyingi.”

Kwa zile nyeusi akamaliza nyimbo za kwaya. Kiongozi alipiga simu akafurahi, akasema sasa yule mama amefunguliwa mlango wa bafu. Nyumba ikarudi ilivyokuwa, ila Mwalimu alizoea kuongea zaidi ya zamani. Aliongea akifua, aliongea akipiga mswaki. Fundi alimsikiliza kutoka chumba chochote na hakuchoka.

Jumamosi moja asubuhi Shangazi akapita kuwajulia hali, kama wanavyofanya watu wa kazi yake. Mwalimu alimfungulia mlango kwa mikono miwili.

“Shikamoo, Shangazi! Karibu, karibu ndani. Tungekutafuta wapi na sisi? Keti, nikuletee chai.”

Shangazi aliingia, akakaa, akapokea kikombe. Alikuwa akimtazama Mwalimu usoni, na tabasamu lake lilikuwa limesimama nusu. Mwalimu aliendelea kuongea, habari za shule, habari za mkuu wa shule, akacheka. Shangazi akageuza kichwa, akamtegea lile sikio la kulia, akangoja. Kisha akaweka kikombe mezani.

“Mwanangu,” akamwambia Fundi taratibu. “Mbona mkeo hanisalimii? Mbona anachezesha midomo tu?”

Fundi akatabasamu, kwa sababu alidhani ni utani wa kizee. Halafu hakutabasamu. Mkono wake ukapanda, kama anayekuna kichwa, kiganja kikaziba sikio moja.

Alisikia kijiko cha Shangazi kikigonga kisosi. Alisikia pikipiki barabarani na bomba la jirani. Mbele yake Mwalimu alikuwa anacheka, meno nje, mabega yanatikisika, na hakukuwa na sauti yoyote. Hapo ndipo alipoelewa, akiwa amekaa kwenye kochi lake mwenyewe, ni nani siku ile, kati ya Mwalimu na yule mgeni, aliyemwambia mwenzake aache sauti aende, na ni nani aliyemwazima spika za kumwambia.

Angeweza kusema. Shangazi alikuwa pale pale, mkoba mapajani, akimsubiri. Lingetosha neno moja. Lakini alimkumbuka Mwalimu ukumbini na mfuko wa madaftari, mdomo wazi na hakuna kinachotoka, akawaza nyumba hii ikirudi kwenye kimya kile, labda siku zote. Alikuwa amechoka sana. Akaushusha mkono.

“Amekusalimia, Shangazi,” akasema. “Hukumsikia tu. Ni sikio lako hilo.”

Yule mwanamke akainuka. Kisha akafunga mkoba, akaiacha chai yake, akatoka bila kuaga, na hatua zake nzito zikasikika zikishuka ngazi mpaka chini.

Fundi hakumgeukia mkewe mara moja. Alipogeuka, Mwalimu alikuwa ameinua kikombe, anakunywa, midomo imekaza ukingoni na koo linapanda na kushuka kwa kila funda. Na kutoka katikati yao, kwenye hewa tupu juu ya meza, sauti ile nzuri ikasema polepole:

“Ahsante, mume wangu.”